Bi Mkadi Hakufa Sur

Kijana aliyenipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa pili alisema anaitwa Firas na kwamba kwao ni Nizwa. Kabla hajamaliza salamu nilikwisha kumtilia shaka.

Wiki mbili kabla ya simu ile, watu wa Nizwa walikuwa wamemposa mjukuu wangu Israa kwa ajili ya kijana wao Laith. Israa ni mfamasia, ana miaka ishirini na minne, na anakaa hapahapa Ibra, ghorofa ya juu ya nyumba yangu, pamoja na baba yake Muatasim, mwanangu. Kwetu sisi posa haijibiwi siku ileile. Upande wa mwanamume unauliza, upande wa mwanamke unauliza, na kuuliza kwenyewe hakufanywi waziwazi. Anatumwa mtu. Hunywa kahawa yako, huangalia mazulia yako, humtaja marehemu wako kwa huzuni, kisha hurudi kwao akaeleza yote. Mimi mwenyewe nimetumwa mara nne katika maisha yangu. Kazi hiyo naijua.

"Bibi," alisema yule kijana, kwa Kiswahili cha watoto waliozaliwa huku nchi ya Waarabu, "mimi nataka kuuliza juu ya mwimbaji mmoja wa Unguja ya zamani. Jina yake Bi Mkadi."

Nilikaa kitako.

"Nani kakupa nambari yangu?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Ameniambia nisimtaje, bibi. Samahani."

Nayaandika haya kwa sababu habari za Bi Mkadi zimekwisha kuandikwa na wengine, na zile zilizoandikwa kwanza zilitoka kinywani mwangu na hazikuwa za kweli. Mimi ni Khole binti Thani. Nilisomesha jiografia, kisha nikawa mkaguzi wa skuli za wasichana za mkoa mzima wa Sharqiyah mpaka nilipostaafu. Mume wangu Khelef, Mungu amrehemu, alifariki mwaka wa tisa sasa. Na Bi Mkadi ni dada yake. Ni wifi yangu, Zeyana binti Hamoud, ambaye siku ile ya simu alikuwa amekaa hatua kumi kutoka nilipo mimi, anadarizi kofia.

Alizaliwa Malindi, mjini Unguja, mwaka wa 1938. Baba yake, Hamoud bin Thuwaini, alikuwa karani wa forodha, mtu wa msikiti na wa vitabu, na aliwasomesha Kurani watoto wake wote, wanawake kwa wanaume. Zeyana alipokuwa na miaka kumi na moja alikuwa akisoma Maulidi mbele ya wanawake wazima, na baba alikuwa akisimama nje chini ya dirisha kumsikiliza, akijifanya anamngoja mtu.

Alipofika miaka kumi na saba aliozwa Pemba kwa jamaa. Hakukaa. Baada ya mwaka na nusu alirudi na sanduku moja na cherahani, akakaa kwao kama wanavyokaa wanawake walioachwa, anashona nguo za watu. Hapo mtaani palikuwa na kikundi cha wanawake kilichoimba katika harusi. Wapigaji fidla, udi na dumbaki walikuwa wanaume, kwa hivyo lilitundikwa pazia katikati ya ukumbi: wapigaji huku, bibi harusi na wageni kule, na mwimbaji upande wa wanawake. Harusi moja mwimbaji akapotewa na sauti. Mwenye kikundi akamwambia Zeyana, "Wewe unasoma Maulidi, huwezi kushindwa na hili." Akaimba mpaka watu wakaondoka.

Alikuwa na desturi ya kuvaa mkadi, ua lenye harufu kali, nywelini, na wapigaji waliokuwa nyuma ya pazia walinusa ule mkadi kabla ya kusikia sauti. Jina la mwimbaji hawakuambiwa, maana binti wa Sheikh Hamoud hatajwi mbele ya wapigaji. Wakampa hilo. Bi Mkadi.

Kwa miaka miwili hapakuwa na harusi kubwa mjini bila yeye. Kisha mwaka wa 1959 alikuja mtu kutoka Mombasa anatafuta sauti za kutia katika santuri. Zeyana akamwambia baba macho yanamsumbua na kwamba yuko daktari mzuri Mombasa. Akafuatana na shangazi yake. Mwenyewe aliniambia kwamba chumba cha kurikodia kilikuwa kimetundikwa mablanketi pande zote, na kwamba walimsimamisha hatua nne nyuma ya fidla kwa sababu sauti yake ilikuwa ikiifunika. Aliimba nyimbo sita. Zikatoka santuri tatu, na juu ya kila moja yaliandikwa maneno mawili tu: Bi Mkadi.

Mwaka wa 1961 baba alikuwa amekaa mgahawani anakunywa kahawa, na mwenye mgahawa akaweka santuri. Sheikh Hamoud akaijua sauti ya mwanawe. Khelef aliponioa alinieleza mwisho wa habari hii kwa maneno machache: kwamba baba alizinunua santuri zote alizozikuta madukani akazivunja, kwamba Zeyana hakuimba tena, na kwamba mimi, nikiwa sasa mtu wa nyumba ile, habari hiyo iishie kwangu.

Iliishia kwangu. Tulihama Unguja, tukafika huku mwanzo wa miaka ya sabini, tukaanza upya. Zeyana aliolewa tena Mudhaibi na mzee mwenye mashamba ya mitende, akafiwa, hakupata mtoto, akarudi kwa kaka yake, yaani kwangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini anauza kofia katika soko la wanawake hapa Ibra kila Jumatano. Wanamwita Bi Zeyana wa kofia. Wanaomjua wanajua kwamba viua anavyovidarizi ni vidogo kuliko vya mtu yeyote na kwamba hapunguzi bei. Zaidi ya hapo hawajui kitu, na mimi nilihakikisha hawajui.

Kwa hivyo, mtu wa Nizwa kuitafuta habari hii wiki zilezile watu wa Nizwa wanamuulizia Israa, hata mtoto mdogo angeona.

Ningemkatalia kuja, lakini anayekatalia ndiye anayeshukiwa. Nikamwambia aje Jumatano asubuhi, saa nne, wakati Zeyana yuko sokoni.

Jumatano ile Zeyana hakwenda sokoni.

"Goti linaniuma," alisema.

"Goti gani? Jana ulipanda juu mara mbili."

"Ndiyo maana linauma leo. Una mgeni?"

"Nani kakwambia nina mgeni?"

"Umetoa vikombe vya Khelef."

Akaingia chumba cha pili na kofia yake, akaurudisha mlango lakini hakuufunga. Sikuwa na nafasi ya kubishana. Gari ilikuwa imekwisha simama nje.

Firas alikuwa kijana mrefu, kanzu yake ya dishidasha safi, viatu amevivua vizuri akavipanga. Alikula tende tatu. Hakuangalia mazulia hata mara moja, na hilo lilinizidishia shaka, maana mtumwa aliyefundwa vizuri haonekani akiangalia. Akanieleza kwamba anakusanya santuri za zamani, anazisafisha, anaziweka katika mtandao pamoja na habari za walioimba.

"Mimi nimepata hii moja," alisema. "Sauti iko nzuri sana, bibi. Lakini mwimbaji hana jina. Nani baba yake, wapi amezaliwa, hakuna."

Akaiweka simu yake juu ya meza, akaigusa.

Lazima niseme jambo ambalo sikumwambia yeye. Katika miaka zaidi ya hamsini ya kuwa wifi yake, sikuwa nimepata kumsikia Zeyana akiimba. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli alipoacha. Fidla ikaanza, mkwaruzo wa santuri juu yake, kisha sauti ya msichana wa miaka ishirini na moja ikaingia bila haraka, kama mtu anayeingia nyumba ya kwao:

Mkadi nimeutunga, kwa uzi mwema hariri,
si fundo nililofunga, nimeufunga kwa siri.

Herufi zote zimetoka mahali pake, kama alivyofundishwa kusoma. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Ulipokwisha wimbo, Firas aliniangalia.

"Bibi, unamjua."

Hakuuliza. Alisema. Na mimi nikakumbuka Nizwa, na Laith, na Israa aliyekuwa ameanza kutabasamu peke yake jikoni.

"Namjua," nikasema. "Alikuwa mwanamke wa Malindi. Si wa kwetu. Alihamia mji wa Sur kwa jamaa zake, na amekufa hukohuko."

"Mwaka gani?"

Nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Najua uongo usio na tarehe unavyoanguka.

"Sabini na nane."

"Watoto?"

"Hakuacha."

"Jina yake ya kweli?"

"Silikumbuki. Watu wakimwita Mkadi tu."

Aliandika yote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alipoinuka kuondoka aliona mlango wa chumba cha pili uko wazi kidogo, na kwa adabu akasema kuelekea huko, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akaitika Zeyana.

Neno moja na "mwanangu". Lakini Firas alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Nani huyu, bibi?"

"Wifi yangu. Anashona kofia."

"Aa," akasema. Akauangalia ule mlango muda mrefu kuliko inavyofaa, akavaa kiatu chake, akaenda.

Siku zilizofuata nilimtafuta aliyetoa nambari yangu. Nilianza na Israa, maana vijana hawazuii midomo yao wakiwa na simu mkononi.

"Umemwambia mtu yeyote habari ya Bi Mkadi?"

"Bi nani?"

"Mkadi."

"Wallahi, bibi, hata mkadi wenyewe siujui. Ni samaki?"

Nikamwamini kwa sababu ya aibu niliyoiona kwamba mjukuu wangu hajui mkadi. Muatasim nilimuuliza akiwa anaendesha gari, asipate pa kukimbilia.

"Mama, huyo kijana anatafuta nyimbo. Kwa nini umfanye jasusi?"

"Kwa sababu anatoka Nizwa."

"Nizwa wako watu wengi."

"Na wote ni jamaa."

Mwisho nikafanya nililopaswa kulifanya kwanza. Nina rafiki Nizwa, mwalimu mwenzangu wa zamani, Bi Hiba. Nikamtuma amuulizie Firas. Alikwenda kumtembelea mama wa Firas kwa kisingizio cha maji ya waridi ya Jabal Akhdar, akakaa saa mbili, akanirudishia habari: baba ni daktari wa meno, mama anasomesha, kijana ana akili ila hana mpango, na hawana udugu wowote na watu wa Laith, wala hawajuani. Nilimshukuru. Lakini habari safi namna ile nayo haikunipendeza. Hakuna watu wa mji mmoja wasiojuana kabisa.

Mwezi wa nne habari ya Firas ikatoka katika mtandao. Muatasim alinisomea. Bi Mkadi, mwimbaji wa Unguja, aliyefariki Sur mwaka wa 1978, hakuacha watoto, kwa mujibu wa Ustadha Khole binti Thani wa Ibra, mkaguzi mstaafu wa skuli. Jina langu limeandikwa kamili. Watu wakasikiliza ule wimbo kwa maelfu. Siku ya tatu akajitokeza bwana mmoja wa Sur anayeitwa Khattab, akasema Bi Mkadi ni dada wa bibi yake, kwamba walikuwa na bibi mmoja mwenye sauti nzuri aliyetoka Unguja akafa miaka hiyohiyo, na sasa wamefahamu alikuwa nani. Hawakuwa na nia mbaya. Niliwapa nafasi tupu, nao walikuwa na maiti wa kumtia ndani yake. Wakatangaza kumfanyia kumbukumbu.

Nilidhani Zeyana hajui. Simu yake ni ya kupigia tu.

Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa uani tunachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa:

"Nasikia nimekufa, wifi."

Nikazidi kuuinamia mchele.

"Sur, kumbe. Mimi Sur nimekwenda mara moja, kwa harusi, na samaki wao alinidhuru tumbo. Mwaka gani nimekufa?"

"Zeyana."

"Sabini na nane, nimesikia sokoni. Mwaka ule nilikuwa hapa, nakupikia uji wa uzazi wa Muatasim. Nilikuwa maiti mwenye kazi nyingi." Akatupa kijiwe alichokitoa katika mchele. "Nataka kujua kitu kimoja. Nani aliniosha?"

"Wacha maneno hayo."

"Maiti hazikwi hajaoshwa. Nani aliniosha? Nani alinivika sanda? Wewe wifi yangu hukuja?"

"Nilifanya kwa ajili ya Israa. Watu wa Nizwa wanauliza."

"Na waulize. Wangeniuliza mimi, wangejibiwa."

"Huyo kijana mwenyewe alikuwa mtu wao! Kuna mtu humu anatoa siri za nyumba, na mpaka sasa sijamjua."

Hapo Zeyana aliinua kichwa. Macho yake ni ya kijivu kidogo pembeni kwa uzee, lakini yanachoma.

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi nimempa nambari yako. Msichana mmoja sokoni alinisikilizisha katika simu yake. Nilikaa pale na kofia za watu mapajani, najisikiliza. Nikamwambia, mtafute huyo mwenye kuweka hizi, mpe nambari ya Ustadha Khole, usinitaje."

Kwa miezi miwili nilimtafuta mtoa habari katika miji miwili. Alikuwa anakula nami.

"Kwa nini yangu? Kwa nini usizungumze naye wewe?"

"Ningesema mimi, ningekuwa bibi mmoja wa sokoni anayejisifu. Ukisema wewe, wataandika. Watu wote wanajua Khole binti Thani hasemi asilolijua." Akatoa kijiwe kingine. "Nilitaka Bi Mkadi aingie kwa mlango wa mbele."

Nilimwambia kwamba baba yake alizivunja santuri zile, na kwamba kama angekuwa hai asingekubali.

"Khelef ndiye aliyekwambia alizivunja? Khelef alikuwa na miaka kumi na tano na alikuwa kwa ami yake Pemba. Baba hakuvunja kitu. Alikuja na santuri moja nyumbani, kaifunga katika gazeti. Akaiweka mbele yangu akasema, 'Huyu binti nimemsikia leo. Sauti nimeijua, jina silijui. Kama ni jambo la kuona haya, liache. Kama si la kuona haya, mbona jina langu halimo?' Basi. Akaenda kusali."

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwa na jawabu. Ndiyo nikaacha. Si kwa kukatazwa, Khole. Kwa kukosa la kusema." Akauchukua ungo wake. "Sasa ninalo. Nataka liandikwe. Zeyana binti Hamoud. Nina miaka themanini na sita, na watu wa Sur wamekwisha kunizika. Sina wa kumngoja."

Sikumwamini mara moja. Mtu wa miaka themanini na sita huyakumbuka mambo kama anavyotaka yawe. Nilikaa siku mbili nikiipima ile habari upande huu na upande ule, kama nilivyokuwa nikipima majibu ya wanafunzi wawili yanayofanana. Yule wa kwanza, Khelef, hakuwapo. Wa pili alikuwapo. Jambo hili lilikuwa wazi tangu mwaka nilioolewa, na sikuwa nimeliuliza hata mara moja, mimi niliyezoea kumuuliza kila mtu. Na jingine lilinikera zaidi: katika habari yote ile ya Bi Mkadi, jina lililofanya watu waamini uongo lilikuwa langu. Nilikuwa nikilinda jina la nyumba, na kwa mkono wangu nililitia sahihi ya uongo.

Jumamosi nikampigia Firas.

"Firas, nilikudanganya."

"Najua, bibi."

"Unajua?"

"Nilisikia ile marahaba. Nimesikiliza sauti yake kila siku mwaka mzima, mimi siwezi kukosea."

"Basi kwa nini uliandika?"

"Wewe ni mwalimu, bibi. Umesema amekufa. Mimi naweza kukwambia nini?"

Sikupata kufedheheshwa namna ile na kijana, na hakuwa hata na nia ya kunifedhehesha.

Alitaka maelezo kwa maandishi yenye sahihi yangu, kwa kuwa uongo wa kwanza ulikuwa na jina langu. Nikayaandika kurasa mbili, Kiarabu na Kiswahili. Karatasi yake nyingine aliyonitaka nitie sahihi kwa niaba ya Zeyana niliisoma mara tatu, nikafuta mstari mmoja uliosema anaweza kuitumia sauti "kwa namna yoyote", nikaandika badala yake kwamba haitatumika katika matangazo ya biashara. Alikubali bila kubisha. Bado nashangaa kwa nini hakubisha.

Watu wa Sur sikutaka wasome katika simu. Nikamwambia Muatasim anipeleke. Bwana Khattab na mama yake walitupokea vizuri, wakaleta halwa, wakiamini nimekuja kuwaletea habari zaidi za marehemu wao. Nikasema nililokuja kusema. Bwana Khattab aliinuka akatoka nje. Mama yake, mwanamke mtu mzima wa umri wangu, alibaki akiniangalia.

"Tumeshamsomea hitima," alisema.

Nikamwomba radhi. Alinijibu kwamba radhi ni ya Mungu, na sura yake ilikuwa ikisema yeye hajafika huko. Hana deni la kunipenda, na mimi sikumdai. Nilipomweleza Zeyana habari ya hitima alifikiri kidogo.

"Haitapotea," akasema. "Nitaikuta mbele."

Likabaki la Nizwa. Mama yake Laith anaitwa Bi Dalal, na Kiswahili hajui, kwa hivyo tulizungumza Kiarabu. Nilimpigia kabla Firas hajatoa masahihisho yake, ili asiambiwe na wengine. Nikamwambia kwamba shangazi wa baba yake Israa aliimba katika ujana wake, kwamba sauti yake iko katika santuri, na kwamba jina lake kamili litatoka wiki ile.

"Alikuwa akiimba mbele ya wanaume?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwapo pazia, na mtu wa kulitaja pazia asingekuwa mwongo kabisa.

"Harusini palikuwa na pazia," nikasema. "Santuri haina. Wanaume walimsikia, na baba yake alimsikia."

"Tutazungumza nyumbani," akasema Bi Dalal, na tukaagana vizuri, vizuri kupita kiasi.

Masahihisho yalitoka Jumatatu. Israa alikaa chini karibu na bibi yake mkubwa, akamsomea yote: Zeyana binti Hamoud bin Thuwaini, mzaliwa wa Malindi, anaishi Ibra. Zeyana akamwambia alirudie jina. Akalirudia. Akamwambia tena. Kisha akasema fidla imetiwa sauti kubwa mno na kwamba yule mpigaji siku zote alikuwa mtu wa kujionyesha. Akaingia chumbani kwake, na mpaka adhuhuri hakutoka.

Kutoka Nizwa hawakupiga. Wiki moja, mbili, tatu. Israa aliacha kutabasamu jikoni, lakini hakunilaumu kwa neno. Kila nilipotaka kusema kitu aliniambia, "Khalas, bibi, basi." Muatasim alisema kunyamaza si kukataa. Mimi nimekwenda kuulizia nyumba nne. Najua kunyamaza ni nini.

Jumanne ya wiki ya nne, baada ya alasiri, alikuja mwanamke nisiyemjua. Alisema anatoka Bahla, mji ulio karibu na Nizwa, amesikia tunadarizi kofia nzuri, anataka moja kwa ajili ya mpwa wake. Nikamkaribisha. Alikula tende. Akasema majlisi yetu, chumba cha wageni, inapendeza, akauliza kama mazulia ni ya Kiajemi, akamtaja marehemu Khelef kwa huzuni ya kutosha.

"Huyo mpwa wako," nikamuuliza, "kichwa chake kina kipimo gani?"

Mtu anayekuja kununua kofia anajua kipimo cha kichwa kabla ya kujua rangi ya uzi.

"Ni... cha kawaida," akasema.

Zamani ningemwongezea kahawa, nikampa majibu mazuri ya kupeleka, na yeye akayapeleka. Nikainuka nikaufungua mlango wa chumba cha pili wote.

"Ingia," nikamwambia. "Aliyeimba ni huyu. Yote waliyokutuma kuuliza muulize mwenyewe, na ukae upande wake wa kulia, ndipo anaposikia vizuri."